Magugu Yaliyokataa Kufa

Usangu, Jumanne, Machi 1957

Bado yako hai. Nimeyaona mwenyewe leo asubuhi.

Huu ni msimu wa tatu napiga dawa ya magugu katika majaruba ya mpunga ya Mama Sekela. Safari hii niliipima kwa mkono wangu, sikupunguza hata tone. Magugu mengine yote yameoza. Yale yenye maua ya buluu yamesimama majini, mabichi, yametulia. Vyura hawakulia. Nilihisi kama natazamwa.

"Bwana Shamba, mwaka jana yalibaki matatu pale pembeni," Mama Sekela alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba tuko msibani. "Nilikuambia. Ukasema dawa haikuyafikia."

Kweli aliniambia.

"Sasa yamezaa watoto wasioiogopa dawa. Mpunga ukimezwa, wanangu watakula nini?"

Nilivua viatu, tukaingia majini, tukayang'oa moja moja mpaka jua la utosi, tukayarundika mbali na maji. Jaruba lake nadhani litapona mwaka huu.

Lakini wakati wa kurudi nilifuata mfereji unaotoka kwake kwenda kwa majirani. Kila jaruba nililopita lilikuwa na doa la buluu. Hakuna aliyekuwa ameliona bado.

Nimemwandikia bwana mkubwa wa kilimo kule Mbeya kwamba dawa haiyaui tena magugu haya. Nimeongeza kwamba niliambiwa mwaka jana, nikapuuza.