Samaki wa Lami ya Shelui

Shelui, 9 Juni 2024

Dada Eliana,

Shikamoo. Hujambo na shemeji hajambo? Hapa tu wazima, mama anakusalimia sana.

Ile baiskeli niliyokuwa nachomelea imekamilika! Unalala chali, pedali ziko mbele, na mwili wote unafunikwa na ganda la plastiki kama samaki, upepo uteleze. Jumamosi niliijaribu kwenye lami tambarare. Simu ilisoma kilomita sitini na mbili kwa saa. Wewe bingwa wetu hujawahi kufika sitini! Nimejiandikisha mbio za Singida. Najua utafurahi.

Mdogo wako,
Manase

Singida Mjini, 15 Juni 2024

Manase,

Marahaba. Sisi wazima.

Hiyo si baiskeli, ni jeneza lenye magurudumu. Mimi upepo unanipiga kifuani miaka yote. Wewe unajificha ndani. Tayari sokoni wananiuliza, “Mdogo wako kakupita?” Na mama, ambaye hajawahi kuja kuniona nikishindana, nasikia alisimama kando ya lami akikupigia vigelegele.

Usilete kitu hicho huku.

Dada yako,
Eliana

Shelui, 3 Julai 2024

Dada,

Shikamoo. Natumaini mnaendelea vizuri. Simu zangu hupokei, ndiyo maana naandika.

Petro, katibu wa mbio, amefuta jina langu. Anasema kuna mwendeshaji amelalamika. Nikamuuliza, “Nani?” Akainama, akajifanya anafunga kamba za viatu.

Ni wewe?

Manase, mdogo wako

Singida Mjini, 22 Julai 2024

Mdogo wangu,

Hujambo? Mama hajambo?

Ni mimi. Nilimwambia Petro achague, wewe au mimi.

Nimeshinda. Wa pili alikuwa mbali kabisa, lakini njia nzima niligeuka nyuma kumtafuta huyo samaki wako. Hata nilipovishwa medali nilikuwa namtafuta. Sipati usingizi, Manase. Nakuja Jumapili. Nataka kuiendesha.

Dada yako,
Eliana

Shelui, 30 Julai 2024

Dada,

Shikamoo. Nadhani ulifika salama. Mama analalamika uliondoka bila kula.

Kilomita sabini na moja kwa saa! Mimi na jirani yetu Lazaro tulikufuata kwa bodaboda yake, tukaachwa. Akawa anapiga kelele, “Eliana! Eliana!” Ulipofika mama alikukumbatia, watu wakakubeba juu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza nani kaitengeneza. Nilisimama pale nimeshika ganda, nikatamani mnyororo ungekukatikia njiani. Dada yangu mwenyewe! Hiki ndicho ulichokuwa nacho moyoni muda wote huu? Kinauma.

Uliniomba uende nayo mashindano ya Dodoma, nikaisukuma ndani. Bado sitaki. Moyo wangu haujapoa, nisikudanganye.

Lakini leo asubuhi nimesogeza pedali mbele, maana miguu yako ni mirefu kuliko yangu. Njoo uichukue upesi, kabla sijazirudisha.

Mdogo wako,
Manase