Kibali cha Kuutazama Mwezi

Nyumba za Makarani,
Garissa.
19 Februari 1966

Mpendwa Mjomba,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye joto na vumbi. Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya Moshi? Mkaza mjomba hajambo, na goti lake je? Watoto wanasoma? Naandika kwa Kiswahili ili nao waweze kuisoma barua hii. Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu, ila usingizi haunikai. Gari likisimama nje ya nyumba zetu, nasikiliza viatu vinaelekea mlango gani.

Barua hii haikupita posta ya hapa. Nimempa Ndirangu, mwalimu ninayekaa naye chumba kimoja, anayekwenda likizo. Ataitia sandukuni Thika. Ukishaisoma, usiiache mezani.

Mjomba, nina hasira, na sehemu ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe. Nianze na wewe, maana ndiwe uliyenifundisha mbingu. Unakumbuka ulivyotupanga uwanjani? Boga ndilo lilikuwa Jua, na mimi nikashika haragwe, nikawa Dunia. Dada yangu Kanana ulimfanya Zohali, akalia kwa kuwa ulimsimamisha mbali peke yake, karibu na choo. Tangu siku ile nilijihesabu mtu aijuaye anga.

Huku ni marufuku kuwa nje kuanzia saa kumi na mbili jioni, na jua lenyewe linatua saa kumi na mbili na nusu. Maana yake watu wamefungiwa anga nzima. Wafugaji wa hapa huiita Zuhura nyota ya kufungia wana-mbuzi, kwa sababu ikionekana jioni ndipo huwatenga na mama zao wasinyonye usiku. Sasa wanawafunga jua likiwa bado juu, kwa kuwa askari hawangoji nyota. Hivi ndivyo tunavyopigana na shifta, hao waasi wanaotaka kuungana na Somalia, kwa kumkimbiza bibi kizee na mbuzi wake.

Ramadhani ilipokaribia kwisha, alikuja ofisini Mzee Nunow, ambaye kijijini kwao, nje kidogo ya mji, ndiye hutazama mwezi. Asipouona yeye na mashahidi wawili, watu wake hawafungui. Redio ya dukani hawaiamini. Aliomba kibali cha kusimama kwenye mwinuko juu ya mto jioni moja tu, Jumamosi tarehe ishirini na mbili Januari. Bwana mkubwa wetu, ambaye ni mtu wa bara kama sisi, alikubali. "Mwandikie, Murithi, lakini hakikisha tarehe."

Nikafungua almanaka ya ofisi. Iliandika kwamba mwezi mpya unazaliwa Ijumaa tarehe ishirini na moja, jioni.

"Mzee," nikamwambia, "umekosea siku moja. Ni Ijumaa."

"Ijumaa ni siku ya ishirini na nane ya kufunga. Karani, nani anatafuta mwezi siku ya ishirini na nane?"

"Kitabu kinasema hivyo."

"Hiyo kitabu iko na macho?" Makarani wenzangu wakacheka. "Mtoto akizaliwa leo, wewe unaona yeye leo? Wallahi, yeye iko ndani na mama yake. Ngoja kesho."

Alikuwa na haki, Mjomba. Mwezi unapozaliwa uko upande wa Jua, na hakuna jicho liwezalo kuuona mpaka usogee, karibu siku nzima. Ungeniuliza hilo katika mtihani, ningekuchorea. Lakini halikunijia akilini, kwa sababu aliyelisema hakuwa na viatu. Nikapiga taipu Ijumaa, nikagonga muhuri, nikampa mzee karatasi asiyoweza kuisoma. "Kila kitu kimo humo," nikamwambia.

Ijumaa askari waliarifiwa, na hakuna mtu aliyetoka. Jumamosi Mzee Nunow akapanda mwinuko na mashahidi wake, Jelle na Alio, karatasi ikiwa mfukoni. Wakauona mwezi. Hawajateremka, askari wakawafikia, wakasoma tarehe, wakawapakia kwenye lori. Lori lilipopita kando ya kijiji, mzee akasimama akapaza sauti yake yote kwa Kisomali kwamba ameuona, kesho mtu asifunge. Wanawake wakamjibu kwa vigelegele.

Basi akashtakiwa makosa mawili: kuwa nje saa za marufuku, na kuwapa shifta ishara kwa sauti. Mimi ndiye niliyeamriwa kuyapiga taipu. Ishara ya nini, Mjomba? Ya kuchinja mbuzi wa Idi?

Nikanyamaza. Zaidi ya wiki tatu nilinyamaza. Hapa karani akimsemea Msomali huulizwa anakula nyumbani kwa nani, na wako walioulizwa hivyo ambao sijawaona tena. Kila asubuhi Arbia, binti wa mzee, alileta rumande kibuyu cha maziwa ya baba yake, kisha akapita dirishani kwangu kuuliza habari. Nikawa namwambia, "Bado, dada," huku nikitazama mashine yangu.

Kisha likaja gazeti. Bila shaka nawe umesoma kwamba Warusi wameteremsha chombo mwezini tarehe tatu mwezi huu, kikatuma picha ya mawe ya huko. Bwana mkubwa alifurahi mno. Akaikata picha, akaibandika ukutani, akatuita sote. "Tazameni akili ya binadamu!"

Arbia alikuwa amesimama dirishani. "Karani, hiyo ni nini?"

"Ni mwezi. Watu wamepeleka chombo huko, kikaupiga picha."

Akaitazama. "Na wao walipata kibali ofisi gani?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Bwana mkubwa akasema, "Mwondoeni huyo."

Mjomba, niliungua. Mwezi ni ule ule, na kati ya mambo hayo mawili zilipita siku kumi na mbili tu. Waliougusa wanapigiwa makofi. Aliyeutazama kwa macho aliyopewa na Mungu analala sakafuni. Na aliyemlaza hapo si askari, ni mwanafunzi wako mwerevu.

Jumatatu iliyopita nikapiga taipu ukurasa mmoja: kwamba mzee aliomba Jumamosi, kwamba mimi ndiye niliyeibadilisha siku bila kumwambia, na kwamba zile kelele zilikuwa tangazo la Idi. Nikaharibu karatasi tatu. Bwana mkubwa aliusoma akiwa amesimama.

"Kijana, una mama?"

"Ninaye, bwana."

"Basi chukua karatasi yako. Sikuiona."

Nikaweza kusema jambo moja tu, la kikarani. "Nimekwisha kuiandikisha, bwana. Ina namba, na nakala imetoka na mfuko wa barua wa asubuhi kwenda makao makuu."

Hajanisemesha tangu hapo, ila kwa maandishi. Jana wote watatu walitolewa. Hakuna aliyewaomba radhi, wameambiwa wamesamehewa. Wamesamehewa kosa gani? Mimi nimepata barua ya kuhamishiwa Griftu, upande wa Wajir, na naondoka na msafara wa Jumatatu. Malori yamepigwa risasi mara mbili mwezi huu katika njia hiyo. Naogopa, sikufichi. Mama umwambie tu kwamba nimehamishwa.

Leo asubuhi Mzee Nunow alirudi ofisini. Amekonda, na mkono mmoja hauinui vizuri. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kumwomba radhi. Nikayaanza, akanikata.

"Hiyo nilisikia kwa Arbia. Sasa karani, mwezi mwingine unakuja. Andika." Kumbe huutafuta kila mwezi, si wa Idi peke yake, kwa huo huhesabu siku zilizobaki hadi mvua.

"Siku gani, mzee?"

"Andika mbili. Jumapili tunatafuta, kwa sababu ni desturi. Jumatatu tunaona."

Almanaka ilikuwa karibu na kiwiko changu. Sikuifungua. Niliandika kama alivyosema, nikamsomea mara mbili, neno kwa neno, naye akalifuata kila neno kwa kidole. Bwana mkubwa akatia sahihi bila kuinua uso. Hicho ndicho kibali changu cha mwisho hapa Garissa.

Jumatatu jioni msafara utalala Modogashe. Nikifika salama, nitautafuta mwezi upande wa magharibi, nawe utafute huko kwenu. Na siku ya boga na haragwe, Mjomba, ongeza mtu mmoja uwanjani. Sisi sote ulitufanya sayari; hukumweka anayetazama.

Nisalimie sana mkaza mjomba na watoto. Kanana nimesikia ameposwa. Ukimwandikia, mwambie Zohali hatimaye imepata pete yake. Mungu akulindie kifua chako, na macho yako pia.

Mpwa wako akupendaye siku zote,

Murithi