Sofa Kwenye Ngazi

Jumamosi, 1 Februari

Zamu yangu kwenye chumba cha kufulia cha jengo, saa moja hadi saa nne asubuhi. Nimefua, nimekausha, nimefuta vumbi la mashine, maana anayekuja baada yangu hukagua. Kwenye ubao wa zamu jina ni la Mama Furaha. Mlangoni pia ni lake. Mkataba wa nyumba ni wake. Aliungoja kwenye foleni ya nyumba za kupanga miaka kumi na mmoja. Alipoolewa akahamia kwa mumewe Norsborg, upande wa pili wa jiji hili la Waswidi, akanipangisha mimi na binti yangu Neema hapa Hjulsta. Mwenye jengo hajui, na hairuhusiwi. Miaka miwili naishi kama mgeni wa mtu asiyekuwepo. Nimechoka, ila kulalamika sithubutu.

Jumanne, 4 Februari

Kazini. Yule bibi wa Vällingby ninayemwogesha kaniambia anaishi nyumba ile ile miaka hamsini na miwili. Nilikuwa namvalisha soksi. Nikaona wivu. Mtu wa miaka themanini na tisa, hawezi hata kuinama, na mimi namwonea wivu!

Kwenye treni nikahesabu nilikopita. Norsborg: chumba kwa familia ya Wakongo wenzangu, watu tisa, choo kimoja. Kelele tangu alfajiri, lakini hakuna aliyekula peke yake. Täby: chumba cha chini kwa wazee wawili Waswidi. Bustani, theluji safi, kimya. Nilijifunza kunyata. Wakaniomba, kwa adabu zote, nisikaange samaki. Samaki! Nikahama. Na kwingine sitaki hata kukuandika. Hjulsta ni ya saba. Neema ana miaka tisa na ameshabadilisha shule mara tatu. Nimeapa hatabadilisha tena. Hilo moja tu.

Alhamisi, 6 Februari

Mama yake Mama Furaha amefariki Bukavu. Tangazo la kanisa likasema matanga ni nyumbani kwake, Hjulsta. Kwenye daftari la kanisa bado anaishi hapa. Aliyeandika hakuuliza, na mfiwa alikuwa analia, hakusoma.

Nimerudi kutoka kazini saa kumi, nikakuta watu kumi na watano kwenye ngazi na masufuria yao. Ningefanyaje? Niwaambie wageuke, waende Norsborg, zaidi ya saa nzima kwa treni, na sombe, kisamvu chetu, bado ya moto? Waombolezaji hawafukuzwi mlangoni. Nimefungua. Mama Furaha mwenyewe akafika baadaye, akaanguka sebuleni, tukalia naye. Wanaume wakatoa sofa na meza ili watu wakae chini inavyopasa kwenye msiba. Wakaviweka kwenye ngazi. Niliona. Nikaenda kuchemsha chai.

Ijumaa, 7 Februari

Watu arobaini. Viatu mpaka ghorofa ya chini. Nyimbo tangu asubuhi.

Jirani wa chini amempigia simu mwenye jengo. Simlaumu. Uongo, namlaumu. Hapa kwenye ngazi hakuwekwi kitu, kwa sababu ya moto, hata baiskeli ya mtoto ni kosa. Mimi nalijua hilo kuliko wote waliokuwa humu.

Saa tisa, Neema akiwa ameshatoka shule, akaja kijana wa ofisi ya mwenye jengo. Mpole, faili mkononi. Akauliza sofa ni ya nani na anayeishi hapa ni nani. Mama Furaha alikuwa amelala chumbani, kitambaa usoni. Mimi nimeshika sinia la chai. Kabla sijafumbua mdomo, mzee wa kanisa akasimama, akafunga kifungo cha koti, akamjibu kwa Kiswidi chake kizuri kwamba mwenye nyumba ndiye huyu, Mama Neema, anaishi hapa miaka miwili, mwanamke mwenye moyo. Alikuwa ananisifu! Kina mama wakadakia kwa Kiswahili:

"Ni kwake, baba! Ametupokea siye wote!"

Neema akanivuta sketi. "Mamma, varför säger de så?" Kwa nini wanasema hivyo. Mtoto wa miaka tisa alielewa kabla ya wazee wote.

Kijana akatazama jina la mlangoni. Akanitazama mimi. Akaandika. Nikampa chai, sikujua la kufanya lingine. Akainywa yote, akashukuru, akatoa pole kwa msiba.

Jumatano, 19 Februari

Barua imekuja kwa jina la Mama Furaha. Arudi kuishi hapa mwenyewe kabla ya katikati ya Machi, ama mkataba uvunjwe. Nimeisoma nimesimama, koti bado mwilini. Neema kauliza tunakula nini. Nikabandika maji ya ugali.

Jumapili, 23 Februari

Baada ya ibada Mama Furaha akaniita pembeni. Anarudi, yeye na mumewe na watoto.

"Unisamehe, dada. Nikiiacha hii, ingine nitaipata nikiwa mzee."

Ni kweli. Ningefanya hivyo hivyo. Nimemchukia hata hivyo, pale pale, tumeshikana mikono.

Mzee wa kanisa naye akaja. Alikuwa na machozi. Nikamwambia si kosa lake. Ni kosa lake. Ni langu pia. Ningeweza kusema neno moja juu ya ile sofa. Nani husema habari za sofa mtu akiwa anamlilia mama yake?

Jumanne, 4 Machi

Simu tisa za kutafuta chumba. Sundbyberg hawataki mtoto. Mmoja wa Solna anatafuta "mwanamke wa kupika," akacheka. Nikakata. Mwingine ana chumba kizuri, lakini ni Södertälje, yaani shule nyingine. Nimesema nitafikiri. Sina la kufikiri, siku zimebaki kumi. Usingizi hauji vizuri. Nimegombana na Neema kwa sababu ya glavu.

Jumamosi, 15 Machi

Tumehamia Rinkeby. Chumba kwa Wambui, Mkenya, muuguzi. Mzee wa kanisa alikuja na gari, akabeba mizigo mwenyewe, mgongo wake mbovu ule. Nilimwacha abebe.

Wambui ana masharti yake: viatu kabatini, jikoni mwisho saa tatu usiku, wageni wasizidi wawili. Ameyasema yote kabla sijavua koti. Nimekubali yote. Kutoka hapa hadi Hjulsta ni stesheni mbili. Neema anabaki shuleni kwake. Nilipomwambia alisema "okej" tu, akaendelea na simu. Nikaingia chooni nikalia.

Jumapili, 23 Machi

Wiki nzima Neema amekwenda shule peke yake kwa treni. Hakuchelewa hata siku moja. Sasa yuko kitandani anafanya hesabu, anajisemesha kwa Kiswidi. Wambui yuko kazini. Jua kidogo, watu wamejaa sokoni, nimenunua mahindi mabichi.

Leo nimejiuliza, wale watu wangesimama kwenye ngazi za hapa na masufuria yao, ningefanya nini. Nimekaa na swali hilo tangu asubuhi nikilitafutia jibu lingine. Ningewafungulia. Naudhika, lakini ningewafungulia. Mahindi yameiva, ngoja nimwite Neema.