Lodi wa Mto Alvedra

Jumatatu, 3 Oktoba 1814

Mimi ndiye niliyemwokoa Jenerali Lanyon vitani Uhispania, kwa mkono huu huu! — Haya, uongo. Nilimshikia farasi alipokwenda kichakani kujisaidia. Ila nilimshika vizuri.

Jana kasisi katangaza kanisani: Mfalme kampa Jenerali cheo. Sasa aitwe Lodi wa Alvedra. Alvedra! Mto ule mimi na Silasi Tapsell tuliuvuka maji kifuani, risasi juu kama nzige. Jenerali kaja baada ya kula. Mto ukawa jina lake, sisi tukapata baridi yabisi.

Jumanne, 4 Oktoba

Msimamizi wa mali ya Lodi anasema bwana wake kajenga nyumba ya askari wazee. Kimebaki chumba kimoja, na atamchagua mtu mwenyewe, kwa macho, kesho akiwasili. Silasi hana usingizi. Kibanda chao kinabomolewa, yeye na mkewe Dorkasi waende nyumba ya maskini. Kaniuliza afanyeje ili aonekane.

Nikamwambia: vijana watafungua farasi na kulivuta gari la Lodi wenyewe, kama ada. Ashike kamba ya mbele kabisa. Akanishukuru, maskini, machozi yakimlenga. Mjinga! Anayevuta huonekana mgongo tu. Nimecheka hadi nikakohoa.

Jumatano, 5 Oktoba

Silasi kaja na koti jekundu la jeshi, Dorkasi kalipiga pasi. Vijana wakamuuliza babu atavuta au atavutwa. Akawajibu kwamba alikokota mizinga wao wakinyonya. Mimi nikasimama kando, kofia juu, kifua mbele.

Kwenye mteremko wa kanisa gari likashika kasi. Vijana wakaruka pembeni. Silasi — magoti yale — hakuruka. Gurudumu likapanda paja lake, likashuka upande wa pili.

Lodi akatoa kichwa. "Mbona tumesimama?"

Msimamizi akasema kuna mzee kateleza. Lodi akaagiza apewe brandi, asogezwe. Hakuangalia hata aliyelala pale. Kisha akaniona mimi, akaninyooshea fimbo.

"Huyu ana uso wa askari. Chumba apewe huyu."

Nikapiga saluti. Ningefanyaje?

Ijumaa, 7 Oktoba

Chumba kina dirisha na jiko la makaa. Nimelala kama mtoto.

Mchana nimekwenda kwa Silasi. Daktari atamkata mguu kesho, akifika kesho. Nje wameshaanza kung'oa paa la banda la kuku. Dorkasi kaniomba niende kwa Lodi nikasema chumba ni cha Silasi. Nikamwambia nitafikiri. Kakaa tu, mikono mapajani, macho kwangu.

Nimehamia upande wa pili wa kitanda. Macho yakanifuata. Bado niko hapa, naandikia gotini, maana mlango uko nyuma yake.

Nimemwinamia Silasi sikioni. "Ndugu yangu, kule milimani nilikubebea mkoba siku nzima, hukunilipa fadhila. Sasa nilipe. Jambo dogo tu. Mwambie mkeo aache kunitazama."