Mkeka wa Mama Yako, Kipande cha Katikati

Saiba ya Mungania,
Mtaa wa Wabera,
Isiolo.

6 Machi 2022

Mpendwa dada Siham,

Asalaam aleikum. Kabla hujaketi vizuri, jua kwamba barua hii imeandikwa na mtu mwenye bahati kuliko wote kutoka hapa mpaka Moyale. Kuna wanaume wamesoma wakavaa zile kofia za pembe nne, na hakuna hata mmoja aliyewahi kupewa hesabu ya kusuka mkeka wa mama yako kwa mdomo wake mwenyewe, ukingo hadi ukingo. Mimi niliyeacha shule kidato cha pili nimepewa. Vipande vyote vitano. Umeviona kwenye simu yako, na ukaniandikia kuwa umelia.

Sasa salamu. U hali gani wewe na mumeo? Binti yenu Awo mdogo je, yale meno ya mbele yameota ama bado anakula mkate kwa pembeni? Baridi ya Bristol nasikia inaingia mpaka ndani ya soksi. Mimi ni mzima, isipokuwa mgongo, ambao haujakubali kwamba nilishuka kwenye lori miaka sita iliyopita.

Nimeandika kwa kalamu kwa sababu Wanja wa duka la vitambaa anasafiri kesho kumwona binti yake aliyejifungua huko kwenu, naye amekubali kubeba bahasha. Tena ukipiga simu hapa, mama yako anaiweka kwa spika na mtaa mzima unakujulia hali. Kuna mambo hayataki spika.

Nyumbani mvua imetukwepa tena, msimu wa tatu huu. Baba yako hajambo, anapeleka mchele Merti na kurudi na vumbi. Kaunti wameweka taa ya barabarani mbele ya mlango wenu, inawaka mchana.

Kuhusu mama yako nitaandika polepole. Daktari alisema ni presha ya macho. Jicho la kushoto limekwenda. La kulia linaona kama mtu anayechungulia kwa tundu la ufunguo, na hilo tundu linazidi kuziba. Daktari hakutaja mwezi, lakini aliniita pembeni akaniambia nisimwache avuke barabara peke yake. Juzi nilimkuta amefunga fundo dogo kwenye kila jani la mkoma lililotiwa rangi nyeusi, ili vidole vimwambie yale ambayo jicho halimwambii tena. Hakujua nimemwona. Nilitoka nje nikajifanya naita mbuzi, na wewe unajua hatuna mbuzi.

Basi ulipoandika kuwa hamtakuja tena Idd hii, kwamba mkeka sasa uko salama kwenye mtandao na mtakuja mwakani bila haraka, nilisoma ujumbe huo mara nne. Tangu siku hiyo sikai. Nafungua kompyuta, nasimama, naenda mlangoni, narudi. Mungania, mwenye saiba hii ya kompyuta na intaneti ninayofanyia kazi, anasema nikiendelea hivi nitamnunulia sakafu nyingine. Barua hii nimeianza mara tatu, mbili nikiwa nimesimama.

Uliniuliza hii CSS niliyouchorea mkeka kwenye mtandao ni mnyama gani. Watu wanadhani ni ufundi tu, kama kukaza nati. Mimi niliyeomba chai kwa Kiamhara kule Awasa na nikagombana kwa Kituruki na mwenye meli Mombasa (sawa, mpishi wa meli), nakuambia hii ni lugha kama nyingine. Ukurasa una maneno yake tayari, na lugha hii haiongezi hata moja. Inasema maneno yavae nini, yakae umbali gani na jirani, na nani atangulie kuingia. Ni adabu iliyoandikwa. Na adabu, dada, kila mtu ana ya kwao.

Hilo nililijua kwa aibu. Ukurasa wa kwanza wa mkeka niliutengeneza mweupe pe. Nilikuwa nimetazama kurasa za matajiri wa dunia nzima, zote ni nyeupe, neno moja katikati kama mgeni aliyefika mapema. Nikasema huu ndio ustaarabu. Nikambebea mama yako kompyuta ya Mungania mpaka nyumbani, kifua mbele, watu wakinipisha. Alisogeza jicho la kulia mpaka pua ikagusa kioo.

"Dahir, nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, habaryar. Huo ni mtindo wa kisasa."

"Umenivika nguo ya eda na mume wangu yuko hai."

Mimi niliyemwona ayeeyo, bibi yetu, miezi minne na siku kumi ndani ya nguo nyeupe, ndiye nimeenda kumvika habaryar, dada ya mama yangu, vile vile, tena mbele ya majirani. Na mama yako hakuishia hapo. Alimpigia baba yako, ambaye alikuwa Garba Tula akibadilisha tairi, akamwamuru apumue kwenye simu asikie. Baba yako akapumua. Mpaka leo madereva wenzake wakipishana naye njiani wanateremsha kioo na kumwambia, "Mzee, pumua."

Nilifuta yote. Nadhani waliobuni mtindo huo huko mbali, kwao nyeupe ni mahali ambapo hakuna mtu amekaa bado. Kwetu nyeupe ishasema jambo zito kabla hujaandika herufi.

Mara ya pili niliupanga mkeka kuanzia kushoto. Akapitisha kidole juu ya kioo akaniuliza kama siku hizi hata kula nakula kwa mkono huo. Alikuwa na haki, mkeka wake unaanza kulia kama msahafu unavyofunguliwa. Nilidhani nitarudia kazi ya wiki nzima. Lakini lugha hii ina neno moja tu, ukiliandika juu kabisa, ukurasa mzima unageuka na kuanza kulia, kila kitu kinahama na hakuna kinachogongana. Nilicheka peke yangu pale saiba. Mtu fulani, mahali fulani, aliwafikiria watu wa mkono wa kulia.

Tukaanza kazi. Alikaa chini akinipa hesabu kwa ile sauti yake ya kuimba puani: nyeusi tatu, kahawia moja, nyekundu mbili, rudia. Nami naandika: nyeusi tatu, kahawia moja, nyekundu mbili, rudia. Lugha hii inajua kurudia. Siku hiyo niliona kitu ambacho hata Mungania mwenye diploma hajakiona, kwamba mama yako amekuwa akiandika CSS tangu kabla ya kompyuta kufika Isiolo, ila yeye anaandika kwa majani ya mkoma kutoka mto Ewaso na hakuna umeme wa kumkatikia.

Rangi zilituletea vita. Lugha inakuja na majina ya rangi zaidi ya mia. Kuna inayoitwa nyanya, kuna chokoleti, kuna ngano. Nikamsomea Jillo, yule jirani yenu Mborana anayeuza maziwa, nikitaka anisifu.

"Nyanya ya siku gani?" akauliza. "Ya asubuhi ama ile imelala sokoni?"

Halafu akaanza kunitajia rangi za mbuzi kwa Kiborana, mwenye mabaka ya shingoni, mwenye tumbo la moshi, mwenye masikio tofauti na mgongo, na nilijaza karatasi pande mbili kabla hajafika kwa ng'ombe. Kwa bahati lugha hii inakuruhusu kutunga majina yako. Kwa hiyo ukurasa wa mkeka hauna nyanya. Una rangi inayoitwa vumbi-la-Merti, na nyingine chai-ya-ngamia. Mtu yeyote duniani, hata profesa, akifungua tumbo la ukurasa huo atakuta vumbi la Merti limeandikwa kwa Kiswahili, na kompyuta yake haina budi kutii. Niambie nani mwingine kwenye ukoo wetu amefanya hivyo.

Kuna neno lingine, ukiliweka mwishoni mwa amri, amri hiyo inashinda zote hata zilizokuja baadaye. Maana yake ni "hili ni muhimu". Mungania anasema mafundi wenye heshima hawalitumii ovyo, ni kama kupiga kelele msikitini. Nikamwambia habaryar wangu ana neno hilo mwishoni mwa kila sentensi, na nyumba yake haijawahi kuanguka.

Lakini kuna jambo moja linanisumbua, ndilo linalonifanya nitembee. Katika lugha hii mtoto anarithi kwa mama bila kuomba. Ukimpa mama maandishi ya kahawia, aliye ndani yake anapata kahawia, na mjukuu pia, mpaka mmoja aseme mwenyewe kuwa anataka nyekundu. Ila si kila kitu kinashuka hivyo. Rangi ya maandishi inashuka. Nafasi ya kukaa haishuki. Nafasi, kila mtoto lazima apewe yake. Nilipomweleza mama yako, aliendelea kulainisha majani kwa vidole vyenye mate, akasema, "Hilo ulikuwa hulijui?"

Na kuna njia mbili za kuficha kitu. Ya kwanza inakiondoa pamoja na nafasi yake, majirani wanasogea wanajaza, huwezi kujua kuna mtu aliwahi kuwa pale. Ya pili inakificha, lakini nafasi inabaki vile vile, hakuna anayeruhusiwa kusogea. Macho hayaoni kitu, lakini ukurasa mzima umepangwa kukizunguka.

Mkeka wako uko hivyo kule stoo. Vipande viwili vya kulia, viwili vya kushoto, alivyovisuka ulipoposwa. Harusi ikafanyika huko Bristol, hakuna nyumba ya bibi arusi ya kufunika kwa mkeka, na cha katikati hakikusukwa. Nilimwuliza kwa nini hakushona hivyo vinne pamoja apate angalau mkeka mwembamba wa kulalia. Alinitazama na lile jicho moja kama aliyesikia mtu akitaka kuketi juu ya mtoto.

Hata sahani yako ya bluu iliyopasuka ukingo bado iko mahali pake rafuni. Mwezi uliopita nilitaka kula nayo. Sikula nayo.

Nimeanza kuandika mambo ambayo sikukaa kuyaandika, na umeme umerudi, wateja wa vyeti wanapanga foleni. Acha nifunge.

Msalimie sana mumeo, mwambie bado anadaiwa hadithi ya jinsi alivyopotea kiwanja cha ndege. Mbusu Awo, mwambie mjomba wake ni mtu mkubwa mtandaoni. Baba yako anakusalimia, mzima, anapumua. Jillo anakusalimia na kuuliza kama huko maziwa yana harufu ya moshi au ni maji tu. Mungania naye, ingawa hakujui, anakusalimia kwa niaba ya sakafu yake. Mama yako hajui nimeandika, kwa hiyo salamu zake zichukue kwenye fundo la jani nililokuwekea ndani ya bahasha. Ni jeusi, ukiligusa utajua.

Mungu akulinde na barabara zenye barafu, akupe nguvu za kazi na usingizi unaotosha, na atukutanishe tukiwa bado tunaonana.

Wako akupendaye kuliko anavyosema,
Dahir

Siham, nilikuwa nimeshafunga bahasha. Nimefika mpaka dukani kwa Wanja, nimerudi, nimeifungua kwa kisu cha Mungania. Kwa hiyo ukiona gundi imeharibika, si Wanja.

Tulipomaliza kipande cha nne mama yako aliacha kuhesabu. Nikamwambia, habaryar, bado katikati, endelea, nyeusi ngapi? Akasema hapo ndipo anapokaa bibi arusi, na kwenye nyumba ya ayeeyo hesabu ya hapo hupewa binti akiwa ameketi mbele ya mama yake, magoti yakigusana, na haijawahi kupewa mwanamume wala kuandikwa. Nilimbembeleza siku tisa. Nilileta tende. Aliniambia, "Wewe umepata vinne, hicho kingine mwenyewe anajua njia ya nyumbani."

Kile cha katikati ulichokiona, kizuri kuliko vyote, kilichokufanya ulie, nilikibuni mimi hapa saiba, alasiri moja, kwa kuchanganya pazia la msikiti na karatasi ya biskuti. Usimsukie Awo. Asubuhi hii nimekificha, kwa ile njia ya pili. Ukifungua ukurasa sasa utaona nafasi.

Sikupewa mkeka wote. Nilikudanganya. Njoo Idd hii.