Nishani Ndani ya Kopo la Winfrida

Mwankoko, Singida
14 Agosti, 1994

Mpendwa shemeji Hana,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kigoma, wewe na wajukuu, na kwamba lile goti lililokusumbua wakati wa msiba limetulia. Ulipanda treni ukichechemea, nami nikabaki na wasiwasi. Sisi huku ni wazima. Kinachotutesa ni upepo tu, unavuma tangu asubuhi na kututia mchanga hata kwenye uji.

Mavuno hayakuwa mabaya. Uwele tumepata wa kutosha. Alizeti nimeikamulisha kwa mashine ya mtu binafsi kwenye njia ya kwenda mjini, maana siku hizi ni ruksa kila mtu kuwa na mashine yake. Belinda amejifungua mtoto wa kike na amempa jina la mama yake. Akimwita mtoto, bado nageuka kutazama mlangoni.

Sasa niseme neno lililonikalisha kuandika. Nina nishani ya fedha niliyoikuta kwenye vitu vya marehemu mke wangu, mdogo wako. Kuna mtu anataka kuinunua, na atarudi mwisho wa mwezi huu. Sitamjibu mpaka nipate neno lako. Nitakueleza yote kwa mpango, na uniwie radhi, kwa sababu ndani yake kuna wivu mwingi, na wivu kwa mtu mwenye mvi kama mimi ni aibu.

Mwezi wa sita alikuja sokoni mjini kijana wa Arusha anayeitwa Kefa. Hutandika turubai lake kando ya wauza mitumba na kupanga juu yake pesa za kale: rupia na hela za Mjerumani, senti za tundu za Mwingereza, vibati vya namba walivyopewa watu wa mashamba ya mkonge, beji za reli, nishani za askari. Ananunua na kuuza. Anasema wako watu Ulaya wanaokusanya vitu hivyo kama sisi tunavyokusanya ng'ombe. Basi mji mzima ukaanza kupekua masanduku ya mababu.

Nami nikakumbuka kopo la Winfrida, lile la mafuta ya kupikia, alimoweka senti za tundu alizovaa shingoni wakati wa usichana wake. Nikazitoa, nikazisugua kwa majivu na limau kama yeye alivyosugua sufuria, zikawaka. Nikazirudisha kwenye kopo, nikaenda nazo sokoni kwa majivuno. Kefa alipoziona alishika kichwa.

"Mzee, nani kakutuma uzioshe? Umeziua!"

"Zilikuwa chafu, mwanangu."

"Uchafu ule ndio mali yenyewe! Wanunuzi wanautaka uzee wake. Hizi sasa ni vifungo vya shati."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka pamoja nao. Kefa akaniuliza kama kimebaki chochote ambacho mkono wangu haujakifikia. Chini ya kopo kulikuwa na tambara lililogandana na kutu, ambalo nilidhani liliwekwa kuzuia senti zisigonge. Akalibandua kwa ncha ya kisu. Ikatoka nishani, nyeusi kama mkaa. Akaupangusa ukingo wake kwa kidole gumba, akasoma polepole yaliyochongwa pale: namba ya askari, kisha jina, Alute Ntandu.

Mimi ni Marko. Baba mkwe hakuwahi kuwa askari, unajua mwenyewe. Na jirani yangu Bonaventura, ambaye panapochekwa hakosi, akapaza sauti:

"Marko! Kumbe miaka yote hiyo umelala na mwanajeshi chini ya kitanda, na wala hakukupigia saluti!"

Mama mmoja wa vitunguu akamkemea. "Mwache mzee wa watu, amefiwa huyo." Kukemewa kule ndiko kulikoniuma zaidi kuliko kicheko.

Kefa akasema ni nishani ya askari waliopelekwa Kenya wakati wa Maumau, ni fedha tupu, na kwa kuwa ina jina atanipa bei ambayo sikuitegemea. Nikaitia mfukoni nikaondoka.

Shemeji, siku ile sikula. Nilikaa nikiyafukua mambo madogo ambayo zamani yalinifurahisha, na kila moja likageuka. Unakumbuka kwamba kila baada ya mavuno Winfrida alikwenda Ihanja peke yake, akisema anafuata mbegu za karanga? Alikuwa akivaa viatu vyake vya kanisani. Nani huvaa viatu vya kanisani kufuata karanga? Nilipata kumwuliza, akasema, "Njiani kuna macho ya watu, baba Belinda," nami nikatosheka. Akirudi alikuwa na furaha kwa siku kadhaa, akiimba jikoni. Mimi mjinga nilidhani anafurahi kurudi kwangu.

Halafu nikakumbuka mazishi. Kulikuwa na mzee mrefu mwenye koti la kijani la jeshi, amesimama nyuma ya watu wote. Chakula hakugusa. Zamu yake ilipofika alichota udongo kwa mikono yote miwili. Nilipouliza ni nani, niliambiwa ni mtu wa Ihanja. Nilimshukuru kwa kuja, shemeji. Nilimpa mkono huu ninaoandikia.

Mwezi uliopita nikapanda lori hadi Ihanja, nishani mfukoni. Nilikusudia kumtupia miguuni mbele ya watu wake, ajue kwamba nimejua. Nikaulizia kwa Alute Ntandu, nikamkuta uani akichonga mzinga wa nyuki, lile koti limetundikwa kwenye kijiti.

"Karibu, baba Belinda," akasema. "Nilijua utakuja."

Kunijua kwake kwa jina la nyumbani kulinichoma. Nikamwuliza nikiwa nimesimama: "Mke wangu alikuwa nani kwako?"

Akaweka tezo chini, akaipokea nishani. Aliishika muda mrefu bila kuitazama, kisha akanirudishia.

"Alikuwa mdomo wangu na sikio langu," akasema. "Lakini hiyo sikumpa yeye. Nilimpa Hana."

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Alisema alikupa aliporudi kutoka Kenya, iwe ahadi wakati akitafuta ng'ombe wa mahari, na kabla hawajatimia baba yenu akawa ameshapokea ng'ombe wa mtu wa reli, marehemu mume wako. Siku ulipopelekwa Manyoni kupanda treni ulimfumbatisha Winfrida nishani na kumwambia asimwoneshe mtu. Tangu hapo kila baada ya mavuno mdogo wako alimpelekea mzee yule habari zako: umezaa nani, umeugua nini, siku ulipofiwa. "Winfrida alipokufa," akaniambia, "nilifiwa na watu wawili."

Ningepaswa kufurahi, na kweli nilifurahi mpaka nilipofika barabarani. Juu ya lori wivu ukarudi, safari hii ukielekea kwako. Winfrida aliniambia kila kitu, shemeji. Aliniambia ndoto zake na maumivu yake, aliniambia hata kuku gani ameacha kutaga. Lakini kulikuwa na chumba moyoni mwake ambacho mimi sikupata kukanyaga, na wewe, uliye mbali kiasi hicho, ulikuwa umekaa humo tangu kabla sijamposa. Hata zile nyimbo za jikoni hazikuwa zangu. Alikuwa ametoka kukuzungumzia wewe mchana kutwa.

Na kuna jingine, nilitaka kuliruka lakini halirukiki. Nilipokuwa naaga, mzee Alute aliniuliza kwa sauti ndogo, "Hana mzima?" Nami nikamjibu kwamba sijui. Nilijua. Nilikuwa na barua yako ya Juni nyumbani. Nilimnyima tu.

Kijana wetu Raymond anasema niuze tuezeke bati, na hasemi vibaya, nyasi zimechoka. Lakini mali si yangu. Ukisema iuzwe, nitamwuzia Kefa na fedha zote nitakutumia. Ukisema arudishiwe mwenyewe, nitampelekea, ingawa miguu itakuwa mizito. Na kama huwezi kusema lolote, usione haya kunyamaza. Nitaifunga kwenye tambara lake bila kuisugua, na nitamwambia Kefa haiuzwi. Winfrida aliitunza akinificha. Acha sasa niitunze nikijua, nipate japo kitu kimoja cha kwenu ambacho na mimi nimekishika.

Jambo moja tu nakuomba unijibu. Nikienda tena Ihanja akaniuliza habari zako, nimwambie nini? Andika kwa maneno yako mwenyewe, nami nitayafikisha kama yalivyo. Nitavaa viatu vya kanisani.

Nisalimie Cecilia na mumewe, na Philipo akirudi kutoka ziwani. Belinda anakuamkia, na mtoto ungemwona, ana paji la uso la kwenu. Mungu akulinde, akupe macho ya kuwaona wajukuu wa wajukuu.

Nakupenda, shemeji, wivu na yote. Utakapokuwa ukimkumbuka mdogo wako, unikumbuke na mimi.

Ni mimi shemeji yako,
Marko