Safari ya Kumi na Mbili

Jumanne, 4 Machi

Fomu imefika kituoni. Mfuko wa wafadhili utatulipia mafunzo sisi wa kujitolea kwenye gari la wagonjwa, ila kwa masharti: safari kumi na mbili zilizosainiwa, moja iwe ya uzazi. Ninazo kumi na moja. Ya uzazi — sina hata moja! Mwisho Ijumaa.

Alhamisi, 6 Machi

Hakuna aliyejifungua. Mji mzima umeamua kunikomoa. Dereva wetu, Breki, anasema niandike ile safari ya mapacha waliozaliwa garini wiki jana. Mimi siku ile nilibaki kituoni nafua mashuka! Eti karatasi haina mdomo. Nimeandika. Fomu ya kwanza niliiharibu, nikaomba nyingine.

Ijumaa, 7 Machi

Mkuu wa kituo kasaini bila miwani. Kanipongeza kwa mapacha.

Jumatatu, 17 Machi

Nimepita! Mafunzo mwezi ujao. Furaha ikaishia ukutani, kwenye orodha mpya ya zamu: “Uzazi — fundi cherehani.” Yaani mimi; kituoni huniita kwa kazi yangu ya kushona. Nilikwenda kumwambia mkuu ukweli, nikamkuta anaongea na simu. Nikashukuru, nikaondoka. Mwoga mkubwa mimi.

Nyumbani wifi, mimba ya miezi minane, kashasikia kuwa mimi ndiye wa uzazi. Anasema sasa atalala. Usingizi wake kauchukua kwangu.

Jumamosi, 22 Machi

Asubuhi. Chupa ya uzazi ya wifi imepasuka! Wiki tatu kabla ya siku zake. Kaka yuko safarini. Daftari hili ndilo lililokuwa karibu, naandika humu muda wa uchungu, kama tulivyoelekezwa kituoni.

Saa 4:10. 4:16. 4:21.

Nimepiga kituoni. Gari limeenda kwenye ajali barabara kuu, saa nzima halijarudi. Nikamwambia mkuu sijui kuzalisha. Akacheka — eti kila mtu hupagawa mgonjwa akiwa wa kwao, nitulie, nikumbuke mapacha. Bado nasema nilidanganya, simu imeshakatika. Napiga tena, inatumika. Jirani kakimbia kutafuta mkunga.

4:24. 4:26.

Naogopa. Naogopa mno. Mikono nimenawa mara tatu.

Wifi kanishika kiganja, jasho linamtiririka, anatabasamu. “Afadhali ni wewe, wifi yangu. Angekuwa mwingine ningekufa kwa woga.”

4:28. Anasema anataka kusukuma. Nimwambie ukweli sasa, au —

4:29.